Mtoto wa kisiwa na mtoto wa Tubondo: neno la wakubwa, imani na akili

Katika barza za kwetu, iwe Masisi, iwe Walikale, kuna maneno mawili yanayofunga mazungumzo sawa vile kufuli inavyofunga mlango. La kwanza ni hili: "Wakubwa walishasema." La pili: "Amini tu." Kijana aliyetaka kuuliza "Juu ya nini?" anarudisha ulimi wake ndani na kunyamaza. Maneno hayo tunayajua vizuri, kwa sababu sisi wenyewe tuliyatumia mbele ya wanafunzi kila mara swali lilipokuwa gumu kuliko maandalio ya somo letu.

Katika kurasa hizi tunataka kusoma visa viwili kwa pamoja. Cha kwanza kiliandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 12 na Ibn Tufayl, tabibu Mwislamu wa Andalusi, yaani sehemu ya kusini ya Hispania ya leo. Cha pili kilisimuliwa kwa Kinyanga mwaka 1956 katika kijiji cha Bese, kwetu Walikale, na muzee Candi Rureke. Mtu atasema tunachanganya mbuzi na samaki. Lakini visa hivi vinakutana katika swali moja: mtoto ambaye hana baba wa kumwambia "amini tu" atajua mambo namna gani? Na akishajua, ataishi namna gani na watu?

1. Jiwe la kuondoa njiani

Wengi watajiuliza Waislamu wa zamani wanatuhusu nini, sisi watu wa misitu na milima, ambao wengi wetu tumebatizwa. Kwa kweli, Uislamu ulifika kwa jirani zetu wa Maniema, huko Nyangwe na Kasongo, pamoja na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa, wakati wa Tippu Tip. Kisha vita vya 1892 mpaka 1894 kati ya Dola Huru la Kongo na Waarabu-Waswahili vikaharibu nchi. Kwa wazee wetu, jina la Mwarabu lilibaki na harufu ya baruti na mlio wa mnyororo. Hatuwalaumu. Lakini mfanyabiashara wa watumwa si yeye anayebeba elimu yote ya watu wake, sawa vile askari wa Leopold hakubeba elimu yote ya Ulaya.

Shuleni nako kuna shimo. Mwanafunzi wa mwaka wa sita anafundishwa Aristotle, halafu anarushwa mpaka kwa Thomas wa Aquino, toka huko kwa Descartes, na mwishoni anaonyeshwa padri Placide Tempels na kitabu chake cha 1945 juu ya falsafa ya Kibantu. Hakuna anayemwambia ya kwamba kati ya Aristotle na Thomas kuna miaka zaidi ya 1500, wala ya kwamba wengi waliomsoma Aristotle kwa bidii katika karne kadhaa za miaka hiyo waliandika kwa Kiarabu. Thomas mwenyewe alimsoma Ibn Rushd wa Cordoba na kumwita kwa jina moja tu: Mfasiri. Hakuona haja ya kusema mfasiri yupi.

Na sisi tunaosema Kiswahili tuna deni kubwa zaidi. Akili, imani, hoja, sababu, amri, hukumu, elimu, hata falsafa yenyewe: yote ni maneno yaliyopita katika Kiarabu kabla ya kufika sokoni Masisi. Mama anayemwambia mtoto "tumia akili" anatumia neno ambalo watu wa Baghdad waligombania kwa mamia ya miaka.

2. Ugomvi wa Baghdad na Cordoba

Waligombania nini? Wengi wanajibu haraka: imani upande mmoja, akili upande mwingine. Jibu hilo ni jepesi mno. Swali lililowauma lilikuwa la mamlaka. Kufuata neno la mkubwa bila kudai hoja wao walikuita *taqlid*. Je, *taqlid* inatosha? Na nani ana haki ya kudai hoja?

Tuchukue mwaka 833. Khalifa al-Ma'mun alipenda elimu, na alisaidia kazi ya kutafsiri vitabu vya Wagiriki. Alikubali mafundisho ya Wamu'tazila, watu walioipa akili nafasi kubwa katika dini, waliosema Kurani iliumbwa na Mungu wala si ya milele. Basi akaamuru mahakimu na wanazuoni wahojiwe, mmoja mmoja, kama wanakubali. Ahmad ibn Hanbal alikataa. Akafungwa, na chini ya khalifa aliyefuata akapigwa viboko. Jambo hilo liliendelea kwa zaidi ya miaka 10. Tuangalie vizuri: hapa aliyeshika fimbo alisimama upande wa watu wa akili, na aliyepigwa alikuwa mtu wa mapokeo. Akili ikishavaa buti za askari inageuka kuwa "wakubwa walishasema" nyingine. Sisi wa Kivu, tulioona kila mwenye bunduki akija na "ukweli" wake, hatuhitaji maelezo marefu.

Kisha al-Ghazali, aliyezaliwa 1058 na kufa 1111. Alikuwa mwalimu mkubwa wa Baghdad, mwenye heshima na wanafunzi wengi. Mwaka 1095 aliacha yote na kuondoka. Katika habari za maisha yake anasimulia ya kwamba *taqlid* ilimvunjikia mkononi tangu ujana: aliona watoto wa Wakristo wanakuwa Wakristo, wa Wayahudi wanakuwa Wayahudi, wa Waislamu wanakuwa Waislamu, akajiuliza kama sisi wote tunaamini tu kwa sababu ya mahali tulipozaliwa. Ni swali la ushujaa. Lakini huyu huyu aliandika kitabu cha kuwabomoa wanafalsafa kwa mashauri 20, na mwisho wake akatoa hukumu: katika mambo matatu, anayeyashika ni kafiri. Tunamheshimu al-Ghazali, lakini hapa tunamlaumu. Alianza kwa kudai hoja, akamaliza kwa kutoa adhabu. Mtu aliyehukumiwa ukafiri hawezi tena kukujibu kwa utulivu.

Aliyemjibu ni Ibn Rushd, miaka karibu 85 baadaye. Huyu alikuwa hakimu na tabibu. Kuna kisa maarufu juu yake. Ibn Tufayl alimpeleka kwa mtawala, naye mtawala akamuuliza wanafalsafa wanasema nini juu ya mbingu: ni za milele, au zilianza? Ibn Rushd alishikwa na woga, akakana ya kwamba anasoma falsafa. Ndipo mtawala akaanza yeye mwenyewe kuzungumza na Ibn Tufayl juu ya jambo hilo, mpaka mgeni akatulia na kufungua kinywa. Mwanafunzi wetu aliyeitwa ofisini kwa mkuu wa shule anaujua woga ule. Na haukuwa woga wa bure: mwaka 1195, chini ya mwana wa mtawala yule, Ibn Rushd alifukuzwa kwao na vitabu vyake vya falsafa vikachomwa. Alirudishiwa heshima kabla ya kufa mwaka 1198.

3. Mtoto wa kisiwa

Sasa tuje kwa kisa cha Ibn Tufayl mwenyewe. Mtoto anaitwa Hayy ibn Yaqzan, maana yake Aliye Hai, mwana wa Aliye Macho. Mwandishi anatoa masimulizi mawili juu ya kuzaliwa kwake, na moja linatushitua sisi wa Walikale. Mfalme mmoja mkali alimkataza dada yake kuolewa. Dada akaolewa kwa siri, akazaa, akaogopa. Akamweka mtoto sandukuni na kumwachia maji ya bahari. Maji yakamfikisha kisiwa kisicho na watu. Swala aliyepoteza mtoto wake akamnyonyesha.

Hayy anakua bila baba, bila mwalimu, bila kitabu. Siku swala anapokufa, mtoto analia, anamwita, hajibu. Anamtazama macho na masikio, hayana kasoro. Basi anafikiri: kilichoondoka kiko ndani. Anapasua kifua, anafika kwenye moyo, anakuta nafasi iliyo tupu. Toka machozi hayo anaanza kutafuta sababu: za moto, za mimea, za nyota, mpaka anamjua Mungu kwa akili na kwa kutafakari, pasipo mtu kumwambia.

Akiwa na miaka karibu 50 anakutana na mtu wa dini anayeitwa Absal, wanaelewana, naye anakwenda kuwafundisha watu wa kisiwa jirani. Hapo anashindwa. Watu wanampokea vizuri, lakini kadiri anavyochimba maana ya mambo wanakunja nyuso. Mwishoni anawaomba msamaha, anawashauri washike desturi za wazee wao, anarudi kisiwani kwake.

Kisa ni kizuri sana mpaka hapo, na hapo ndipo tunapokikataa. Mtu aliyepasua kifua cha mama yake ili ajue sababu ya kifo anafika kwa watu na kuwaambia: ninyi baki na *taqlid*, hii nyingine ni ya watu wachache. Ibn Rushd naye hayuko mbali. Aliwagawa watu mafungu matatu: wanaoshawishiwa na hotuba, wanaofuata mabishano, na wachache wanaofika kwenye hoja za hakika, na akakataza maana za ndani zisimwagwe mbele ya fungu la kwanza. Tunaelewa woga wake. Lakini tumeona matunda ya mawazo ya namna hii hapa kwetu: yule aliyepata diploma anarudi kijijini, anawaona ndugu zake hawawezi kuelewa, anajifungia na redio yake. Kijiji kinabaki na nani? Kinabaki na yule anayesema "amini tu".

4. Mtoto wa Tubondo

Kisa cha Mwindo wasomaji wetu wanakijua, au wanadhani wanakijua. Muzee Rureke alikisimulia, akakiimba na kukicheza kwa siku 12, na Daniel Biebuyck, Mbelgiji, pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa Banyanga na mtaalamu wa lugha, wakakitoa kitabuni mwaka 1969 huko Marekani. Yako masimulizi mengine ya Mwindo. Sisi tunafuata hili.

Nalo linaanza na amri mbaya. Shemwindo, mwami wa Tubondo, anawaambia wake zake saba: zaeni wasichana tu, atakayezaa mvulana, nitamuua mtoto. Hatoi sababu, na washauri hawamdai sababu. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema, njo maana ya jina lake Kabutwa-kenda. Mikuki haimpati, kaburi halimshiki. Mwishoni baba anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini.

Sanduku na ngoma! Bahari ya Andalusi na mto wa Walikale! Hatusemi mmoja alimwibia mwingine, hata kidogo. Tunasema watu wawili walioishi mbali hivyo waliona jambo lile lile: amri isiyo na sababu inaanza kwa kumtupa mtoto. Lakini ngoma haikwenda na maji kama sanduku. Mwindo alipanda mto, akimtafuta shangazi yake Iyangura, mke wa Mukiti. Hayy alifikishwa mahali pasipo na watu. Mwindo alikwenda mwenyewe kwa jamaa.

Tusimsifu mno. Mwindo anajua bila kujifunza, na hilo ni upungufu wake mkubwa: anajigamba, anaita radi ya Nkuba iiteketeze Tubondo nzima, wenye hatia na wasio na hatia. Huyo ni al-Ma'mun mdogo, mwenye haki mkononi na fimbo juu ya vichwa vya wote. Lakini kisa hakimwachi hapo. Anamfuata baba yake chini ya ardhi, anamrudisha akiwa hai, wafu wa Tubondo wanafufuliwa, na mkutano unaitishwa. Mbele ya watu wote, mwami anakiri kosa lake. Shangazi anamlaumu kaka yake waziwazi pamoja na washauri wake. Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Katika mapokeo ambayo tunaambiwa kila siku "hayahojiwi", mwanamke anasimama na kumhoji mwami, na washauri walionyamaza wanahesabiwa pamoja naye.

Mwindo naye zamu yake inafika. Anaua joka lililokuwa rafiki wa Nkuba, na Nkuba anampandisha angani, ambako Mvua, Mwezi, Jua na Nyota wanamtesa na kumfundisha. Anaporudi anawapa watu sheria: limeni vyakula vya kila namna, jengeni vijiji vizuri, msigombane, msimcheke mgonjwa wala kilema, msichukiane. Na juu ya mwami anasema jambo lenye ncha mbili: watu wamkubali na kumwogopa, lakini naye pia awaogope watu. Hayy alipojua alirudi kisiwani kwake, yeye na Absal tu. Mwindo alipojua alirudi barzani. Kwa jambo hili moja tunathubutu kusema muzee wa Bese aliona mbali kuliko tabibu wa Andalusi.

5. Maji na risasi

Hatuandiki haya kwa kupitisha wakati. Tangu miaka ya 1990, toka vita vilipowaka Ntoto katika Walikale mwaka 1993 na kupanda mpaka Masisi, watoto wetu wengi walinyunyiziwa maji na kuambiwa risasi itageuka kuwa maji. Mambo hayo si mapya: katika vita vya Maji Maji, Tanganyika, 1905 mpaka 1907, watu waliambiwa vivyo hivyo mbele ya bunduki za Wajerumani. Mwanafunzi mmoja wa kwetu, mwepesi sana katika hesabu, aliacha daftari lake mezani akaenda. Alipokufa tukauliza wenzake: na maji? Wakatujibu bila kupepesa: "Mwalimu, alivunja sharti."

Tulilala na jibu hilo siku nyingi. Akipona, maji yalimlinda. Akifa, alikosea sharti. Hakuna siku ambayo maji yenyewe yanaweza kulaumiwa, wala yule aliyeyanyunyiza. Hoja ambayo haiwezi kushindwa na jambo lolote inamlinda msemaji, haimlindi mtoto.

Mtu atatuambia: lakini watu wa imani kubwa walikana nguvu ya sababu, al-Ghazali si alisema moto hauchomi pamba kwa nguvu yake? Ndiyo, alisema: pamba ikigusa moto, anayeleta kuungua ni Mungu, na Mungu akitaka anaweza kuzuia. Ibn Rushd alimjibu kwa ukali ya kwamba anayekana sababu anaikana akili yenyewe. Lakini tumsome al-Ghazali mpaka mwisho. Anaongeza ya kwamba Mungu ametuwekea ujuzi wa kawaida ya mambo: mtu aliyeacha kitabu nyumbani haogopi kukikuta kimekuwa farasi. Na anaandika pia ya kwamba anayebishana na hesabu za kupatwa kwa jua kwa jina la dini anaiharibu dini. Kwa hiyo hata yeye, mtetezi wa imani, hatupi ruhusa ya kumpanga mtoto mbele ya risasi kwa sababu mkubwa fulani amesema.

Na Mwindo? Kabla ya kwenda kupigana Tubondo alipita kwa wajomba zake wahunzi, wakamvalisha viatu vya chuma, suruali ya chuma, shati ya chuma na kofia ya chuma. Yeye aliyezaliwa na miujiza mkononi! Wanaosema maji ndiyo mapokeo ya mababu wasome tena mababu walisema nini.

Hitimisho

Kuna wazee wa heshima wanaoogopa ya kwamba tukiruhusu vijana kuuliza, desturi zitakwisha. Woga huo tunauheshimu, maana tumewaona vijana waliouliza kwa dharau tu. Ibn Rushd alikutana na woga wa namna hiyo, akajibu kwa mfano wa maji: anayezuia falsafa kwa sababu wachache walipotea nayo ni sawa na anayemnyima mwenye kiu maji baridi mpaka afe, eti kwa sababu kuna waliokwamwa nayo kooni. Kukwamwa ni ajali. Kufa kwa kiu hakuna njia ya kukukwepa.

Sisi tunapendekeza jambo dogo. Mwindo asomwe darasani kwa mabishano, wala isiwe kwa kukariri majina tu, na wazee waalikwe wakae mbele na waulizwe. Tulijaribu mara moja. Msichana mmoja aliinua mkono: "Mwalimu, washauri wa Shemwindo walikuwa wengi. Juu ya nini hakuna hata mmoja aliyemwuliza sababu?" Darasa lilinyamaza. Muzee aliyekuwa amekaa karibu na dirisha alitutazama, nasi tukamtazama. Hatukuwa na jibu tayari, na siku ile hatukusema "amini tu". Tuliandika swali ubaoni, likalala pale mpaka kesho yake.